Boti imelala tangu kusi ianze: tuanzie wapi?

*Swali:* Shikamoo fundi. Marehemu baba alituachia boti ya faibaglasi ya futi 23, yenye injini ya stroki mbili ya nguvu farasi 40, ya kuvuta kwa kamba. Tangu Aprili iko nchi kavu huku Mtwapa, juu ya trela chini ya mwembe, tumeifunika turubali. Sasa kusi inapungua, nataka tuishue majini Oktoba, kisha Desemba shule zikifungwa niwapeleke watoto Kisite, ile hifadhi ya bahari ya Shimoni, wakaone pomboo. Kakangu amenunua oili na plagi, asema tubadilishe oili, tutie petroli, tuvute kamba, basi. Moyo wangu wakataa. Tuanzie wapi?

*Jibu:* Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu mzee wenu. Moyo wako haukukosea. Kakako naye ana nia njema, ila ameanzia mwisho. Wengi huanzia hapo, maana injini ina kelele na mwili wa boti umenyamaza. Lakini injini ikikuzimikia nje ya mwamba, bado waelea: utatia nanga, utaita msaada, utangoja. Boti ikiingia maji, injini iwe mpya vipi haikufai kitu. Kwa hivyo injini kwanza iacheni palepale ilipo. Jipeni wiki tatu, na ya kwanza yote iwe ya mwili.

Boti yenu imekaa nchi kavu kipindi chote cha mvua za Aprili na Mei, na mvua za Mombasa mwazijua. Turubali hubonyea katikati, likafanya bwawa, na bwawa likatafuta tundu. Majani ya mwembe nayo yaziba vijitundu vya kutolea maji kwenye sakafu. Fungueni turubali lote, zoeni majani, kisha toeni kile kizibo cha nyuma, chini kabisa, na muinue mbele ya trela kwa jeki au magogo ili boti ilalie nyuma. Wekeni ndoo chini ya tundu. Siku ya kwanza yatatoka maji, hilo si ajabu. Ya pili yatadondoka. Siku ya tatu kama bado yadondoka na mvua haijanyesha, basi kuna maji yaliyojificha chini ya sakafu, ndani ya lile povu gumu la kuelea. Boti ya namna hiyo ni nzito, hainyanyuki juu ya maji, na mtu huishia kulaumu injini.

Ikishakauka, ioshe kwa maji matamu na sabuni, halafu njoo nyuma kwenye ubao wa tezi, pale injini inapopachikwa. Hapa ndipo nataka ukae muda mrefu.

Boti nyingi za faibaglasi za umri wa yenu, ubao wa tezi si faibaglasi tupu. Ndani kuna mbao za plaiwudi zilizofunikwa faibaglasi pande zote mbili. Bolti nne zinazoshika injini zimetoboa zikapita katikati ya mbao hizo. Gundi ya kwenye matundu ikichakaa, maji huingia kidogo kidogo, na plaiwudi huoza gizani huku nje rangi yang'aa. Chukua bisibisi, igeuze, ugonge kwa mpini wake. Anza juu kwenye kona ambako hakuna tatizo, usikie sauti ya mbao nzima: ngo, ngo, kavu na kali. Kisha shuka taratibu ukielekea kwenye bolti, halafu chini karibu na tundu la kizibo. Mahali palipooza sauti hufa. Husikii ngo, wasikia pu, kama umegonga papai lililoiva. Weka alama kwa chaki kila sauti inapobadilika. Ukimaliza, rudi nyuma hatua mbili utazame: chaki zako zitakuchorea ramani ya uozo.

Jaribio la pili halihitaji sikio. Mtu mmoja ashike injini kwa chini, kwenye mguu, aisukume mbele na nyuma kwa nguvu. Mwingine aweke kidole kwenye ukingo wa ubao wa tezi, pale unapokutana na ubavu wa boti. Kidole kikihisi ubao unacheza, au ukiona ufa wa rangi ukifunguka na kufumba, kazi imesimama hapo. Legezeni bolti moja ya chini muitoe. Ikitoka na unga mweusi wenye unyevu, mumepata jibu.

Nawasisitizia hili kwa sababu lilinipata. Nilikuwa kijana, nimeshika usukani wa boti ya mtu, boti niliyoitengeneza mwenyewe, na nilitengeneza injini tu. Tulikuwa twatoka mlango wa Mtwapa, pale mawimbi ya nje yanapokutana na maji yanayotoka, nikafungua mafuta. Nikasikia mlio kama wa kuni kupasuka. Nikageuka nikaona injini imeinama nyuma, yaangalia mbingu, bolti mbili za juu zimetoka na vipande vya mbao. Tuliizima, tukaifunga kwa amari, ile kamba ya nanga, kama mbuzi wa Idi, tukarudi kwa makasia na msaada wa ngalawa iliyokuwa yapita. Mwenye boti alilipia ubao mpya wa tezi, mimi nikalipia kwa aibu.

Kama tezi ni mbovu, msijaribu kuziba kwa rezini juu juu. Hutolewa mbao zote, zikawekwa mpya, zikafunikwa upya, na hiyo ni kazi ya fundi wa faibaglasi ya siku kadhaa. Mwaka huu mtachelewa, na ichelewe. Kama ni nzima, tia gundi mpya ya baharini kwenye matundu ya bolti zote kabla ya kuzikaza tena.

Chini ya boti tazameni nyufa kwenye mkuku na pale trela inapougusa. Boti iliyokaa miezi sita juu ya vishikio viwili hubonyea hapo. Mkiona malengelenge madogo kwenye faibaglasi, toboa moja kwa ncha ya msumari, unuse. Likitoa maji yenye harufu kali kama ya siki, maji yameshaingia ndani ya matabaka. Yapasa kukwaruzwa, kukaushwa kabisa na kuzibwa. Rangi ya kuzuia viumbe wa bahari ni ya boti inayolala majini. Yenu kama itarudi kwenye trela kila safari, hizo pesa nunueni jaketi za watoto.

(Wenye mashua za mbao wanaosoma hapa, kwenu mambo ni kinyume. Chombo cha mbao kikikaa nchi kavu mbao hunywea, mianya hufunguka hata kama kalafati ya mwaka jana, yaani pamba ya kuzibia mianya, ilikuwa nzuri. Usikishue asubuhi ukasafiri mchana. Kalafati itazamwe, deheni ya chokaa na shahamu ipakwe, kisha chombo kikae majini karibu na pwani siku moja au mbili mbao zivimbe, na mtu wa kukumba ngama, yaani maji yanayokusanyika chini ndani ya chombo, awe karibu.)

Sasa mafuta. Petroli iliyokuwa ndani ya tangi tangu Aprili si petroli tena. Sehemu zake nyepesi zimeruka, na iliyobaki huacha utando wa rangi ya asali unaonata, ambao huziba vile vijitundu vyembamba vya kabureta. Imwageni ndani ya dumu la glasi au la plastiki linalopitisha mwanga, muache itulie. Mtaona maji yamejitenga chini, kwani tangi nusu tupu hutoa jasho ndani usiku likipoa. Msiimwage baharini wala chini ya mwembe; mpeni fundi aoshee vyuma, nje, mbali na moto. Suuzeni tangi, badilisheni filta, na mpira wa mafuta mpinde kwa vidole mkiuangalia mahali pote. Ukionyesha mikwaruzo midogo kama ya ngozi ya kisigino, nunua mwingine. Panya nao hupenda mpira huo kuliko mnavyodhani. Ile pampu ya mkono ikibanwa lazima iwe ngumu na ibaki ngumu. Ikilegea wakati injini haijawashwa, kuna pahali inavuja au vali zake zimechoka.

Hapo ndipo tufike kwa kakako na oili yake. Mwambie kwa heshima: injini ya stroki mbili haina oili ya kubadilisha. Haina karteri ya oili kama gari. Oili yake huchanganywa na petroli, ikaungua pamoja nayo. Injini nyingi za aina yenu huchanganya 1 kwa 50, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita, au mililita 400 kwa dumu la lita 20. Someni kibao cha injini yenyewe, msichukue neno langu wala la jirani. Mchanganyiko mkali sana hutoa moshi na kuchafua plagi. Mwepesi sana huua injini kwa joto, na injini hiyo hairekebishiki.

Oili inayobadilishwa ni ya gia, iliyo chini kwenye mguu, na hiyo itakwambia siri za mzee wenu. Kuna skrubu mbili, moja chini na moja juu. Simamisha injini wima, weka chombo, fungua ya chini kwanza, halafu ya juu ili hewa iingie. Oili nzima hutoka nzito na nyeusi kidogo au kahawia. Ikitoka rangi ya chai ya maziwa, maji ya bahari yameingia. Yakitangulia maji matupu kisha oili, ni mabaya zaidi. Sababu ya kawaida huku kwetu ni mshipi wa nailoni. Toa propela utazame nyuma yake; utashangaa. Wavuvi hutupa vipande vya nyuzi, propela huvikusanya na kuvizungusha, na uzi huo hukata sili, zile pete za mpira zinazozuia maji kuingia, kama wembe. Uondoe wote, na sili zibadilishwe. Unapojaza oili mpya usiitie kwa juu. Isukume kwa pampu kutoka tundu la chini hadi itokee la juu bila mapovu, funga la juu kwanza, ndipo utoe pampu na ufunge la chini haraka. Ukijaza kwa juu hewa hubaki ndani, na utadhani umejaza kumbe nusu. Washa za skrubu, vile vipete vya kuzibia, ziwe mpya.

Ukiwa bado una mguu mkononi, badilisha impela. Ni kigurudumu cha mpira chenye mapezi, kinachovuta maji ya bahari kupoza injini. Kimekaa miezi sita kikiwa kimepinda upande mmoja, na mpira uliopindwa muda mrefu husahau kunyooka. Bei yake si kitu ukilinganisha na pistoni. Ukitoa ya zamani, hesabu mapezi. Likikosekana moja, kipande chake kiko kwenye njia za maji huko juu, na lazima kitafutwe, la sivyo impela mpya itasukuma maji kwenye njia iliyozibwa.

Kuwasha mara ya kwanza ni ndani ya pipa, si baharini. Pipa la lita 200 lililokatwa juu, maji matamu yafike juu ya impela, na propela iwe imetolewa. Plagi mpya za kakako sasa zina kazi. Vuta. Injini ikiwaka, macho yako yasiwe kwenye moshi bali kwenye kile kitundu cha pembeni: lazima ikojoe, na mkojo uwe na nguvu, ndani ya sekunde chache. Isipokojoa, zima. Usingoje kuona. Mara nyingi si impela, ni nyigu. Wale wanaojenga kwa udongo hupenda tundu hilo kuliko nyumba yoyote, na injini ya chini ya mwembe ni mtaa wao. Waya mwembamba hutoa udongo wote kwa dakika moja. Tazameni pia tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi, nalo huziba hivyo hivyo, na hapo injini huwaka vizuri dakika kumi kisha ikafa kwa njaa.

Yaliyobaki nayapitia upesi. Zinki zilizoliwa nusu zibadilishwe, na zisipakwe rangi kamwe, kwani zimewekwa ziliwe badala ya mguu wa injini. Kamba ya kuvutia itoke yote itazamwe. Betri ya taa na pampu ya ngama, kama mnayo, ikishachajiwa na kupumzika isome volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Beringi za magurudumu ya trela zifunguliwe na kutiwa grisi mpya, maana boti nyingi za Mtwapa haziharibikii baharini, zaharibikia barabarani.

Jaketi za kuokolea maisha zivalishwe watoto halisi, watembezwe majini hadi kifuani, muone kama jaketi linapanda masikioni. Likipanda ni kubwa. Kitambaa kilichochomwa na jua huchanika kwa kidole; kijaribu. Kizima moto, nanga na kamba yake ndefu, tochi, redio ya VHF inayoshika chaneli 16. Karatasi za boti bila shaka bado zina jina la marehemu, basi nendeni KMA, mamlaka ya usafiri wa baharini ya Kenya, mapema mkaulize kuhusu kubadilisha jina, ukaguzi na leseni, msingoje wiki ya safari. Askari wa ulinzi wa pwani wakikusimamisha, hawataki kusikia habari za mirathi.

Kushua. Wengi hungoja bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, kwa sababu maji ni mengi. Mimi nawashauri maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Kwenye bamvua huku kwetu maji hupwa sana kwenye saa nne au tano asubuhi, yakajaa kama saa kumi alasiri, na mkondo wa kwenye mlango wa hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, huwa mkali. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mkishua alasiri, upepo umeshaamka na jua lawaaga. Maji mafu ni kinyume: hujaa katikati ya asubuhi na mkondo ni mpole. Shueni saa mbili au saa tatu asubuhi, maji yakiwa bado yaja, ili mkikwama yenyewe yawanyanyue. Mkikwama yakitoka, mtakaa hapo mkihesabu kaa hadi jioni.

Kizibo. Kila mwenye boti ana hadithi ya kizibo. Mimi changu nakifunga kwa uzi kwenye ile kamba nyekundu ya kuzimia injini. Bila kamba injini haiwaki, na ukishika kamba umeshika kizibo. Trela ikiwa bado chini ya boti, maji yafike nusu, simama, panda ndani utazame ngama kwa dakika tano kabla ya kuiachia.

Siku hiyo msitoke nje ya hori. Saa moja ndani ya Mtwapa, polepole, kisha mwendo wa kati, rudini, mtazame ngama, mguse kichwa cha injini, mtoe plagi mzione: rangi ya kahawia ya biskuti ni nzuri, nyeusi iliyolowa maana yake oili ni nyingi, nyeupe kama chokaa maana yake injini inachemka. Iogesheni kwa maji matamu. Safari ya pili vukeni mlango hadi ndani ya mwamba wa Shanzu au Bamburi, ambako ni hifadhi ya bahari, msitie nanga juu ya matumbawe. Fanyeni hivyo mara nne au tano kabla ya Desemba.

Na Kisite kwa boti hii? La, mwanangu, si mwaka huu. Kutoka Mtwapa hadi Shimoni ni kama maili 50 za bahari. Kwa injini ya farasi 40 na familia ndani, ni saa nne hivi ikiwa bahari imetulia, na stroki mbili ya ukubwa huo hunywa lita 15 hadi 20 kwa saa ukiifungulia. Hesabu yangu ya mafuta ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya usiyoyajua. Hiyo ni zaidi ya lita 180 za petroli mkikaa nazo na watoto, injini moja, hakuna ya akiba. Pitieni Likoni au Dongo Kundu mwende Shimoni kwa gari, mkodi boti ya wenyeji wanaoijua ile mikondo ya Wasini, mlipe tiketi ya hifadhi, muone pomboo wenu. Boti ya baba yenu iwangoje Mtwapa kwa samaki wa karibu.

Lile kopo la kakako, ligeuze usome nyuma. Likiwa na maandishi TC-W3, ni oili ya stroki mbili za majini, liwekeni kivulini, zamu yake ni wiki ya tatu. Likiwa la pikipiki au la gari, arudi nalo dukani kabla halijafunguliwa.